Fahali Alikuwa na Jina

Neno lililonitia hasira mwaka ule ni dogo, hata mtoto wa chekechea analijua. Mmoja. Lenyewe halina kosa. Kosa ni vile magazeti ya zamani yalivyolibandika nyuma ya mwanamke kama kiraka. Mama mmoja wa Kabete. Mama mmoja mkaaji wa Kangemi. Mama mmoja mwenye watoto wanne. Mwanamume akiibiwa baiskeli, gazeti liliandika jina lake, jina la baba yake, kazi yake, na baiskeli ilikuwa ya rangi gani. Mwanamke akijifungua mapacha kando ya barabara akitoka sokoni, huyo alikuwa mama mmoja, na hali ya mapacha ni nzuri.

Najua haya kwa sababu kusoma magazeti hayo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Ofisi ilikuwa Hurlingham, chumba kimoja ghorofa ya pili, ukuta kwa ukuta na daktari wa meno, kwa hivyo siku nzima tulifanya kazi tukisikia watu wazima wakilia. Kuna watu walikuwa wametoa msaada ili magazeti ya Kiswahili ya miaka ya karibu na uhuru yapigwe picha kabla mchwa hawajayamaliza. Picha zililetwa kwenye kompyuta yangu, nami kila habari niliijazia nafasi tatu: Jina, Mahali, Tukio. Mkubwa wangu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na alipotafuta ile ya kichwani hakuna aliyethubutu kumwambia iko wapi.

"Jina ni jina," aliniambia siku ya kwanza. "Kama halipo, weka kistari. Usinibunie mtu."

Basi nikaweka vistari. Mama mmoja, kistari. Mama mwingine mmoja, kistari. Msichana wangu alikuwa na miezi tisa, nimemwacha Kangemi kwa jirani anayelea watoto wa wafanyakazi, na kila ikifika saa tano maziwa yananivuja kifuani huku nachapa majina ya wanaume walioibiwa baiskeli. Nilikuwa nakasirika hadi naongea peke yangu.

"Madam, angalia hii," nilimwambia siku moja. "Nyumba imeshika moto. Jina la mwenye nyumba liko. Jina la chifu aliyekuja kuangalia majivu liko. Aliyeingia ndani akatoa watoto watatu ni mama mmoja!"

"Usipigane na karatasi, utachoka wewe," alisema. "Endelea."

Lakini si karatasi tu. Mimi mwenyewe, tangu nizae, jina langu lilikuwa limetoweka kama sabuni ndani ya beseni. Kwenye ploti tunayopanga, mwenye nyumba ananiita mama wa namba saba. Kliniki wananiita mama lete kitabu. Sokoni ni mama karibu, mama ongeza, mama usishike nyanya kama hununui. Nilienda shule miaka kumi na miwili nikiitika jina langu asubuhi na mapema kwenye rejista, halafu mtoto mmoja, kilo tatu na nusu, akaja akalikalia.

Sasa, shosho yangu. Huyo ni mama ya mama yangu, anakaribia miaka themanini, anaishi Kinoo kwenye kipande chake cha shamba kilichobaki katikati ya magorofa. Ana ng'ombe na ndama, na sukuma wiki, na ua wa kayaba uliojaa miiba. Upande wa pili wa ua anaishi wifi yake, dada ya marehemu babu. Hao wawili wamekuwa majirani tangu shosho aolewe, na kuna mahali kwenye kayaba pamekatwa kimlango kidogo, kimo cha mtu aliyeinama, ambapo wamepitishana chumvi, makaa ya moto, na maneno.

Tangu nikiwa mdogo nilijua hadithi moja ya shosho. Miaka michache baada ya uhuru kulikuwa na harusi pale Kinoo, kanisani. Fahali wa karamu alikata kamba, akawaendea watu uwanjani, akaangusha viti, akakanyaga sufuria ya maharagwe meusi ya njahi, akaelekea kwa bibi harusi. Wanaume wote walikimbia, "na suti zao," shosho husema, kama vile suti ndizo zilizotangulia. Yeye, na mama yangu mgongoni akiwa mtoto mchanga, alimkimbilia yule fahali, akamrushia kitambaa usoni, akamfunika macho, akamshika pua. Fahali akatulia. Gazeti likaandika. Na kila akisimulia humaliza hivi: "Na wifi yangu wakati huo alikuwa wapi? Juu ya meza ya keki!"

Wifi naye alijibu miaka yote kwamba siku hiyo hakwenda harusi hata kidogo, alikuwa na malaria, amelala.

Ulikuwa mzaha wao, mpaka siku ya akina mama wazee kanisani. Kila mmoja aliambiwa asimame aeleze jambo la ujana wake. Shosho akasimama akaeleza la fahali. Watu wakapiga makofi. Ndipo wifi, ambaye ndiye mwenyekiti, akachukua kipaza sauti na kusema, "Tumpigie tena makofi. Huyu dada yetu amezeeka, siku hizi anaota mchana." Kanisa lote likacheka.

Shosho aliketi. Tangu siku hiyo hakuisimulia tena hadithi hiyo, hata kwa ng'ombe. Kile kimlango cha kayaba akakiziba kwa gunia. Nilipomtembelea wikendi iliyofuata alinishika mkono akasema, "Si wewe unasoma hizo magazeti? Nitafutie. Nataka kuona kama niliota."

Nilitafuta miezi mitatu. Nilichapa jina lake la ubatizo, nikachapa la Kikuyu, nikachapa la babu, nikayageuza mbele nyuma. Kompyuta ilinijibu hakuna, hakuna, hakuna. Nilibaki ofisini wakati wa chakula cha mchana, nikala mandazi mkono mmoja na kutafuta kwa mkono mwingine. Mkubwa wangu aliona, na siku moja akaniletea chai bila kusema ni ya nini.

Jumamosi moja nilienda Kinoo kumwambia ukweli. Mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Nilimkuta anakamua, mtoto wangu nikamweka chini kwenye leso, nikasema, "Shosho, nimetafuta jina lako kila mahali. Halipo."

Aliendelea kukamua. Maziwa yalilia kwenye ndoo, fyu, fyu.

"Basi," akasema, "labda niliota kweli."

Nimekasirika mara nyingi maishani, lakini ile hasira ilikuwa nyingine. Mwanamke aliyezaa watoto saba na kuzika wawili, aliyelima shamba hili kabla ya lami, anaambiwa kwamba hajui alichokifanya kwa mikono yake mwenyewe, naye anaanza kukubali. Nilitaka kupiga mtu teke. Hakukuwa na mtu, ila ndama, naye ndiye aliyetuokoa. Alichomoka kwenye kamba, akaja akakanyaga leso karibu na mtoto wangu, shosho akaruka na kumshika sikio.

"Wewe!" akamfokea. "Unataka kuwa kama yule?" Na akamwita kwa jina la afisa mmoja Mzungu wa zamani, jina refu lenye mlio wa kikohozi.

"Shosho, yule nani?"

"Si ile fahali ya harusi. Mwenyewe aliipatia jina ya D.O., yule Mzungu wa tarafa, kwa vile ilikuwa na shingo nene na haikuwa inasikia mtu."

Nilisimama pale na mtoto na leso mikononi. Hilo jina nilikuwa nimeshalichapa mimi. Nililikumbuka kwa sababu nililicheka wiki yangu ya pili kazini, nikampigia mkubwa wangu kelele nikimuuliza kama ng'ombe anaingia kwenye nafasi ya Jina, naye akasema, bila kuinua kichwa, "Ana jina? Mwandike."

Jumatatu nilifika Hurlingham kabla ya mlinzi kufungua. Nikachapa jina la fahali. Likatokea mara moja. Mahali: Kinoo. Tukio: harusi. Jina: bwana harusi yuko. Mchungaji yuko. Mwenye fahali yuko. Diwani aliyefika wakati nyama imeshaiva yuko. Hata mwalimu aliyelipelekea gazeti habari hiyo yuko, nadhani ndiye aliyejiandika kwa moyo mweupe kuliko wote. Na fahali yuko. Nikafungua picha ya ukurasa, nikasoma mpaka chini, na pale mstari wa mwisho kabisa: mama mmoja, aliyekuwa na mtoto mgongoni, alimwendea fahali huyo na kumfunika macho kwa shuka, naye akatulia.

Kwa sababu habari ilikuwa na majina mengine, sikuwa nimeona haja ya kistari. Mimi. Mimi niliyekuwa nikipiga kelele ofisi nzima, nilimpita shosho yangu na mama yangu mgongoni mwake, nikaandika ng'ombe. Hata kistari sikumpa.

Nililia, halafu nikacheka, halafu vyote pamoja. Upande wa pili wa ukuta mtu aling'olewa jino, naye akalia pia, tukawa kwaya. Mkubwa wangu alipoingia akadhani mtoto amekufa. Nilipomweleza alivua miwani zote mbili, kitu ambacho sikuwahi kuona.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Gazeti halisemi ni yeye. Gazeti linasema mama mmoja."

"Madam!"

"Usinipigie kelele, nisikilize. Utaratibu upo. Jina lisiloandikwa linaweza kuongezwa kama mwenyewe atasema, na mtu mwingine aliyekuwepo atie sahihi kwamba aliona. Mtu aliyekuwepo. Si aliyehadithiwa. Uko naye?"

Bwana harusi alikufa. Bibi harusi alikufa. Mchungaji, diwani, mwalimu, wote walikufa na majina yao. Ukiacha shosho na mama yangu wa mgongoni, amebaki mtu mmoja tu duniani aliyekuwa kwenye uwanja ule, na huyo alikuwa na malaria.

Ile picha ya kompyuta ilikuwa na doa, nikataka nakala safi. Gazeti lenyewe limehifadhiwa kwenye jengo moja katikati ya jiji, kwa hivyo Ijumaa nikaomba ruhusa, nikashuka huko na mtoto mgongoni. Karani wa pale alinitazama kama mtu aliyekuja kuuza maembe.

"Mama, choo ni cha kulipia, kiko nje."

"Sijakuja choo. Nataka gazeti."

"La leo linauzwa kwa barabara."

"La miaka ambayo wewe hukuwa umezaliwa," nikasema, nikamwandikia namba ya juzuu, ya ukurasa na ya safu, kwa mwandiko wa kalamu uliosimama wima kama askari. Alisoma, akanyoosha shati. Akaleta kitabu kikubwa kama mlango. Mtoto wangu akanyoosha mkono kuchana historia ya nchi, nikauwahi. Nilitoka na nakala yangu kwenye bahasha ya kaki, nikatembea katikati ya jiji nikiwa nimeishika mbele ya kifua kama sadaka.

Jumapili, baada ya ibada, nilimwambia shosho apike chai nyingi. Kisha nikaenda kwenye ua, nikavuta lile gunia, nikainama na kuita.

"Shosho wa pili! Njoo unywe chai!"

"Nani amekuambia mimi sina chai?" sauti ikajibu.

"Kuna gazeti."

Nikasikia mkongojo. Alipita pale kimlangoni ameinama, amevaa bado nguo za kanisa, na kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa ustadi, kwa maana huyo bibi ni maridadi mpaka leo. Hakumsalimia shosho. Shosho hakumsalimia. Walikaa kwenye benchi moja wakitazama upande mmoja, kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho.

Nikasoma. Nilisoma polepole, kwa sauti ile tuliyofundishwa ya kusoma mbele ya darasa. Bwana harusi akatajwa, wifi akaguna, "Huyo. Alikuwa mfupi." Mchungaji akatajwa. Fahali akatajwa, shosho akatabasamu kidogo. Nikafika kwa mama mmoja.

"Simama hapo," wifi akasema. "Mama mmoja?"

"Ndiyo, shosho."

"Mama mmoja nani? Kinoo ilikuwa na mama wangapi? Hata mimi nilikuwa mama. Inaweza kuwa mimi!"

"Wewe ulikuwa na malaria," shosho akasema, bado akitazama mbele.

"Nasema tu inaweza. Gazeti haijakutaja. Mtoto wa shule, endelea."

Nilimwona shosho akishika pindo la rinda lake na kulikunja, akilikunja tena. Nikaendelea, kwa sababu sikuwa na la kufanya lingine. Nikasoma kwamba mama huyo alimwendea fahali na kumfunika macho kwa shuka.

"Shuka?" akasema wifi.

"Ndivyo wameandika."

"Shuka gani?"

"Kwa shuka, naye akatulia."

"Waongo!" Mkongojo ulipiga chini, kuku wakatawanyika. "Waongo hao! Shuka ilitoka wapi kwa harusi, kulikuwa na kitanda? Hiyo ilikuwa kitambaa yangu ya kichwa! Mpya! Rangi ya machungwa, imetoka kwa Mhindi huko mjini, nilikuwa nimeivaa mara ya kwanza! Huyu," akamnyooshea shosho kidole, "huyu aliruka juu akaninyakulia kwa kichwa, kichwa ikabaki wazi mbele ya mchungaji, na ng'ombe ikaila nusu!"

Hata mtoto wangu aliacha kutafuna kijiko.

Shosho akageuka polepole. "Nilikunyakulia ukiwa wapi?"

Wifi alitazama kayaba, akatazama chai.

"Ukiwa wapi?" shosho akarudia, sauti imeanza kutetemeka, si kwa machozi. "Niliruka juu, umesema. Juu wapi?"

"... Meza ya keki," wifi akasema.

Mimi sijawahi kusikia kicheko kama kile. Shosho alicheka mpaka akashika benchi. Wifi alijikaza, akajikaza, mashavu yakavimba, kisha naye akapasuka, na hao wazee wawili wakaegemeana na kupigana mapaja, wakifuta machozi kwa kitambaa kimoja, wakitajana majina ya ujanani ambayo sikuwahi kuyasikia. Mtoto wangu, ambaye hakuelewa lolote, alicheka kuwashinda.

"Kwa nini ulisema ninaota?" shosho akauliza walipotulia.

"Kila mwaka unaniweka juu ya hiyo meza," wifi akasema. "Kila harusi, kila matanga. Ungenishusha hata mara moja."

Shosho alifikiria jambo hilo. "Ni kweli," akasema. "Sitakuweka tena."

"Na kitambaa pia useme ni yangu."

"Nitasema."

Nikatoa kwenye bahasha fomu niliyopewa na mkubwa wangu. Wifi alivaa miwani, akaisoma yote, na mahali pa shahidi akaandika jina lake kamili, majina matatu, kwa herufi kubwa. Kisha akachukua ile nakala ya gazeti na kwenye neno shuka akaandika juu yake, kwa kalamu yangu: kitambaa. Shosho naye akaandika jina lake. Huandika taratibu, alijifunza kuandika ukubwani, na nilimwona akivuta kila herufi kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisimani, asitake hata tone limwagike.

Jina hilo sitaliandika hapa. Nilimuuliza, akakataa. "Kwa kitabu hapana," alisema, "watu wa benki watanitafuta." Lakini liko mahali pake. Jumatatu mkubwa wangu aliikagua fomu mstari kwa mstari, akaniuliza wifi ni nani na meza ilikuwa ya keki au ya zawadi, kisha akasema, "Weka." Nikaweka. Chini ya Tukio nikaongeza kitambaa na mwenye kitambaa. Halafu akavuta kiti karibu na changu, jambo ambalo hufanya mara chache, akauliza nimeweka vistari vingapi tangu nianze.

"Vingi mno," nikasema.

"Kuanzia leo hakuna kistari. Andika mama, jina halikuandikwa. Mtu akitafuta mama yake apate angalau pa kuanzia." Akatafuta miwani yake. "Na zile za nyuma urudie."

Nimerudia. Bado narudia, asubuhi hadi jioni, na daktari wa meno anatuimbia ukutani. Hasira bado ninayo, sijaipeleka popote, ila sasa inafanya kazi. Mwenye nyumba alipobisha hodi mwisho wa mwezi akiita mama wa namba saba, nilimwambia jina langu, yote mawili, akayarudia kama mtoto wa darasa la kwanza mpaka akayapata.

Shosho alitaka kujiona. Jumamosi nikampeleka Hurlingham, na wifi akaja pia, kitambaa kipya kichwani, kijani safari hii. Nikawaonyesha kwenye kompyuta. Shosho alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo, akalisoma jina lake, kisha kidole chake kikapanda mstari mmoja juu.

"Na huyu bado yuko?"

"Fahali? Yuko, shosho. Wamepangwa kwa herufi. Yake inatangulia yako."

Nilidhani atakasirika. Mimi ningekasirika. Alimtazama wifi, wifi akamtazama.

"Mwache," akasema shosho. "Hata siku ile alitangulia. Si nilimshika?"